KUFUNDISHA KANI ZA MAJI: MFANO WA BOMBA LILILOLALA CHINI YA BAHARI

Utangulizi

Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi mada ya kani hufundishwa mara nyingi kwa kusukuma meza, kuvuta kamba na kuangusha jiwe. Mifano hiyo yafaa kwa kuanzia, lakini ina upungufu mmoja: yote ni ya vitu vigumu vinavyogusana waziwazi. Mwanafunzi hutoka darasani akidhani kuwa kani ni jambo la mikono na kamba, na kwamba maji, kwa kuwa ni laini, hayawezi kuushinda mzigo mzito wa chuma. Ukimwuliza kitakachotokea chuma kizito kikilazwa chini ya bahari, atajibu bila kusita: “Kitakaa palepale, kwa sababu ni kizito.”

Jibu hilo ni la kawaida, na mwalimu asiyejiandaa huweza kulisifu. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kulichukua jibu hilo, kulijaribu pamoja na wanafunzi, na kuwaacha wao wenyewe waone kasoro yake. Mfano tutakaoutumia ni bomba la kupitishia gesi chini ya bahari. Jambo kubwa ambalo mwanafunzi anapaswa kuondoka nalo ni hili: maji hulishinda bomba kwa kulinyang'anya kile kinacholishikilia. Hulipunguzia uzito, hulinyanyua, na mwishowe huuondoa mchanga lililoulalia. Mwenye kulielewa jambo hilo ameelewa pia kwa nini nguzo za daraja huanguka na kwa nini kingo za mito humeguka.

I. Kwa nini tuchague bomba?

Sababu ya kwanza ni kwamba mfano huu ni wa kweli nchini mwetu. Kisiwa cha Songo Songo kimo katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Gesi asilia iligunduliwa huko mwaka 1974, lakini ilipita miaka 30 kabla haijafika Dar es Salaam. Mwaka 2004 bomba lilikamilika na gesi ikaanza kutumika katika mitambo ya umeme ya Ubungo. Bomba hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, yenye kipenyo cha inchi 12, hupita chini ya bahari kwa kilometa 25 hivi kutoka kisiwani hadi Somanga Funga. Sehemu ya pili, yenye kipenyo cha inchi 16, huendelea nchi kavu kwa kilometa 207 hadi Dar es Salaam. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfumo wa pili wa mabomba, unaoiunganisha Mtwara na Songo Songo na jiji hilo.

Mwanafunzi na aelewe maana ya habari hizi. Taa, mashine ya kusaga nafaka na kiwanda vilivyo mbali kabisa na pwani vyaweza kutegemea chuma kilicholala chini ya maji, mahali ambapo mkondo na mawimbi hufanya kazi usiku na mchana. Swali la kama bomba litakaa au litasogea ni swali la maisha ya watu.

Sababu ya pili ni ya ufundishaji. Bomba ni umbo jepesi: ni mviringo mrefu tu. Mwanafunzi aweza kulitengeneza kwa bua la jani la mpapai au kwa kalamu iliyokwisha wino, na aweza kuona kwa macho yake karibu kila jambo ambalo wahandisi hulihofia.

II. Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

Mwalimu hafundishi yote anayoyajua, lakini asiyejua zaidi ya wanafunzi wake hawezi kuyapokea maswali yao. Sehemu hii ni kwa ajili ya mwalimu mwenyewe. Asiipeleke darasani kama ilivyo.

(a) Uzito hupungua ndani ya maji

Kitu kilichozama husukumwa juu na maji kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Kanuni hiyo ni ya Archimedes, nayo ina zaidi ya miaka 2,200. Jiwe la kawaida la gramu 500 likizamishwa huonekana kupoteza karibu gramu 200. Bomba hupoteza zaidi, kwa kuwa lina uwazi ndani: husogeza maji mengi kuliko chuma chake kingeyasogeza peke yake.

Tuchukue bomba la mfano lenye kipenyo cha nje cha sentimeta 32 na unene wa chuma wa sentimeta 1.25. Kila meta moja ya bomba hilo likiwa tupu ina kilo 95 hivi. Lakini meta hiyo husogeza kilo 82 za maji ya bahari. Zinazobaki kuukandamiza mchanga ni kilo 13 tu. Chuma ambacho watu wawili wangekibeba kwa taabu nchi kavu, mtoto aweza kukinyanyua kikiwa ndani ya maji. Hapa ndipo jibu la “kitakaa kwa sababu ni kizito” linapoanza kuyumba.

(b) Mkondo husukuma

Maji yapitayo hulisukuma bomba kwa upande. Kani hiyo hutegemea uzito wa maji, upana wa bomba na, zaidi ya yote, mwendo wa mkondo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, kani huwa mara tisa. Kwa bomba letu la mfano, mkondo wa meta moja kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole, husukuma kila meta ya bomba kwa nyutoni karibu 164.

Je, ni nini kinacholizuia bomba lisiteleze? Ni msuguano kati yake na mchanga. Tukichukua kwamba msuguano huo ni sehemu 6 katika 10 za uzito uliobaki, na kwamba kilo moja ni sawa na nyutoni 10, basi kilo 13 zinatupa nyutoni 130, na msuguano wa nyutoni 78 tu. Mia moja na sitini na nne dhidi ya sabini na nane: bomba litateleza.

(c) Maji hunyanyua

Maji yapitayo juu ya mgongo wa bomba hulazimika kwenda haraka zaidi. Panapokuwa na mwendo zaidi, kanieneo ya maji hupungua. Kwa hiyo bomba lililolala mchangani, ambalo chini yake maji hayapiti, huvutwa juu huku likisukumwa upande. Kani hii ya kunyanyua hupunguza uzito uliobaki, na uzito ukipungua, msuguano nao hupungua. Mwalimu aone jinsi mambo yanavyosaidiana: kani moja hulegeza kishikizo, nyingine husukuma.

(d) Mawimbi hufika chini

Wengi hudhani kuwa wimbi ni jambo la juu ya maji tu. Ni kweli kwamba mwendo wa wimbi hupungua kadiri tunavyoshuka. Kwa kukadiria, hufifia kabisa kwenye kina kilicho sawa na nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 5 lina urefu wa meta 39 hivi katika bahari yenye kina. Linalopita kila baada ya sekunde 8 lina urefu wa karibu meta 100. Basi wimbi la kwanza huacha kusikika kwenye kina cha meta 20 hivi, na la pili kwenye kina cha meta 50. Bomba likaribiapo pwani huwa ndani ya kina hicho, na kila wimbi hulifikia.

Tena wimbi halisukumi upande mmoja kama mkondo. Chini ya wimbi maji huenda mbele, husimama, hurudi nyuma, kisha huanza tena. Mwaka 1950 J. R. Morison na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha California walieleza kani ya wimbi juu ya nguzo iliyosimama baharini kuwa na sehemu mbili: moja itokanayo na mwendo wa maji, nyingine itokanayo na kubadilika kwa mwendo huo. Hesabu yao ilikuja kutumiwa kwa mabomba pia. Mwanafunzi wa shule ya msingi haihitaji hesabu hiyo, lakini fikira yake anaijua: mtu aliyesimama ndani ya basi husukumwa pale basi linapoanza kwenda au kusimama ghafla, hata kama halikimbii sana.

Wakazi wa pwani wanajua kwamba kani hizi hazifanani mwaka mzima wala mwezi mzima. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa tofauti kubwa, inayoweza kupita meta 3 katika pwani ya Tanzania, na mikondo huwa mikali. Wakati wa maji mafu hutulia. Mhandisi hulipima bomba lake kwa siku mbaya kuliko zote zinazotazamiwa.

(e) Mchanga huondoka

Hili ndilo jambo la kutilia mkazo. Mkondo ukilipiga bomba lililolala mchangani, kanieneo ya maji huwa kubwa upande wa mbele na ndogo upande wa nyuma. Tofauti hiyo huyalazimisha maji kupenya katikati ya chembe za mchanga chini ya bomba. Mwanzoni hupenya kidogo kidogo. Chembe za upande wa nyuma zikianza kububujika na kuchukuliwa, kijitundu hutokea. Maji yaliyobanwa katika kijitundu huenda kwa kasi na kukichimba zaidi, na tundu hurefuka kulifuata bomba pande zote mbili.

Mwisho wake huweza kuwa wa namna mbili. Pengine bomba hushuka taratibu ndani ya handaki lililochimbwa na maji yenyewe, mchanga ukalirudia na kulifunika. Hapo bahari imelizika na kulihifadhi. Pengine bomba hubaki likining'inia kati ya vilima viwili vya mchanga au vya mwamba, kama ubao uliotambazwa juu ya mtaro. Hapo hatari huanza.

(f) Bomba linaloning'inia hutetemeka

Waya wa umeme huvuma upepo upitapo. Sababu ni kwamba nyuma ya waya hewa hujisokota katika vizingia, kimoja juu, kingine chini, kwa zamu, na kila kizingia huuvuta waya kidogo. Maji hufanya vivyo hivyo nyuma ya bomba. Kwa bomba lenye kipenyo cha sentimeta 42 katika mkondo wa meta moja kwa sekunde, msukosuko huo hujirudia mara moja kila baada ya sekunde mbili hivi. Zamu hizo zikilingana na namna bomba lenyewe linavyopenda kupwitapwita, bomba hutikisika kwa nguvu. Chuma kinachopindwa huku na huku mara maelfu huchoka na kupata ufa, kama waya mtoto anaoupinda mara nyingi mpaka ukatike.

(g) Wahandisi hufanya nini?

Kwanza, huliongezea bomba uzito kwa kulivika zege. Turudi kwenye bomba letu la mfano, tulivike zege la unene wa sentimeta 5. Kipenyo sasa ni sentimeta 42. Zege limeongeza kilo 140 kwa kila meta, jumla kilo 235. Maji yanayosogezwa ni kilo 142. Zinazobaki ni kilo 93, badala ya 13. Msuguano umepanda kutoka nyutoni 78 hadi 558. Mkondo wa nusu meta kwa sekunde unasukuma kwa nyutoni 54. Wa meta moja kwa 215. Wa meta mbili kwa 860. Tazama: mikondo miwili ya kwanza imeshindwa, ya tatu imeshinda. Tena hapa hatujatoa ile kani ya kunyanyua, ambayo ingeupunguza msuguano zaidi.

Kwa sababu hiyo, pili, mahali penye mkondo mkali au mawimbi yanayovunjika karibu na ufuko, bomba huchimbiwa handaki na kufukiwa. Lililofukiwa halipigwi na maji, wala halikwaruzwi na nanga za vyombo. Tatu, mahali ambapo mchanga hautulii, humwagwa mawe au hulazwa mikeka iliyofumwa kwa vipande vya zege. Nne, bomba hukaguliwa kila baada ya muda, ili sehemu zinazoning'inia zionekane mapema na kutegemezwa.

Tahadhari hizi zina sababu. Katika Ghuba ya Mexico, tufani Katrina na Rita za mwaka 2005 ziliharibu mamia ya mabomba ya chini ya bahari. Na mwaka mmoja kabla, katika tufani Ivan, matope ya sakafu ya bahari karibu na mlango wa mto Mississippi yaliporomoka na kuyachukua mabomba yaliyokuwamo. Chuma kilikuwa kizima, ardhi ilikihama.

III. Mpango wa somo

Somo hili ni la vipindi viwili vinavyofuatana.

Shabaha. Mwisho wa somo mwanafunzi aweze: (1) kuonyesha kwa jaribio kwamba kitu huwa chepesi ndani ya maji; (2) kutaja kani tatu zinazoligusa bomba katika mkondo; (3) kueleza kwa maneno yake jinsi maji yanavyouondoa mchanga chini ya bomba; (4) kupendekeza njia mbili za kulihifadhi bomba na kutoa sababu.

Zana. Jiwe na kamba, ukanda mwembamba wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli, beseni la maji, mfereji wa bati wa kukingia maji ya mvua, wenye urefu wa meta moja au zaidi, mchanga laini uliooshwa, ndoo mbili, bua la jani la mpapai, kalamu tupu, nta ya mshumaa, misumari na waya mwembamba. Mfereji ulazwe karibu usawa, ncha zake zizibwe kwa vibao vifupi ili mchanga wa kina cha sentimeta 4 usichukuliwe wote, nao upande wa chini uwe na chombo cha kupokea maji ili yatumiwe tena.

Hatua ya kwanza: swali. Mwalimu achore ubaoni kisiwa, pwani na bomba kati yake. Aulize: “Bomba hili la chuma limelala tu mchangani. Je, litakaa au litasogea?” Kila mwanafunzi aandike jibu na sababu katika daftari lake kabla ya kusikia la mwenzake. Mwalimu asiseme nani amepata wala nani amekosa. Jibu lililoandikwa humfunga mwanafunzi, na lile alilolisikia kwa jirani hulisahau.

Hatua ya pili: jiwe na mpira. Jiwe lining'inizwe kwenye ukanda wa mpira. Wanafunzi wapime urefu wa mpira jiwe likiwa hewani, kisha likiwa limezama. Mpira utakuwa umefupika. Waulizwe: “Jiwe limepungua?” Watakataa. “Basi ni nani aliyelisaidia mpira kulibeba?” Wayafikie maji wao wenyewe.

Hatua ya tatu: mabomba manne. Hiki ndicho kiini cha somo. Wanafunzi watie mabomba manne katika mfereji, moja baada ya jingine, likiwa limekingama mbele ya maji, huku wenzao wakimimina maji polepole kisha kwa kasi.

Bomba la kwanza ni bua la mpapai lililozibwa kwa nta ncha zote mbili. Litaelea na kuondoka. La pili ni kalamu iliyojazwa mchanga na kuzibwa. Litakaa katika maji ya polepole, lakini litaviringika maji yakikazwa. La tatu ni kalamu iliyotiwa msumari ndani na kuzungushiwa waya nje, ncha zake zikashikizwa kwa vijiwe. Hilo halitaviringika, lakini wanafunzi wainame na kutazama kwa makini chini yake. Baada ya muda wataona chembe zikitoka nyuma yake, kisha tundu, kisha bomba likiwa limebaki hewani. La nne ni kama la tatu, ila limefukiwa chini kabisa ya mchanga.

Mwalimu asiwatangulie kwa maelezo. Ni kawaida ya mwalimu mpya kutangaza “Sasa mtaona tundu likitokea”, na hapo mwanafunzi hutazama ili kumridhisha mwalimu. Heri aulize: “Mnaona nini upande wa nyuma? Chembe zinatoka wapi?” kisha anyamaze. Kimya cha nusu dakika katika somo la sayansi si upungufu wa nidhamu. Ni kazi.

Hatua ya nne: majina. Baada ya kuona, na si kabla, mwalimu ataje: kani ya kueleza, kani ya kusukuma, kani ya kunyanyua, msuguano. Wanafunzi wayaweke majina hayo katika mchoro wa bomba kwa mishale, kila mshale ukielekea upande wa kani yake. Bomba na mchanga wake vichorwe pamoja, maana kulichora bomba peke yake ni kusahau nusu ya somo.

Hatua ya tano: kurudi kwenye daftari. Kila mwanafunzi alisome jibu lake la mwanzo na kuandika chini yake sentensi moja: analishikilia au analibadili, na kwa nini. Jibu la mwanzo lisifutwe.

IV. Majibu ya kutarajia

“Maji ni laini, hayawezi kusogeza chuma.” Mwalimu asibishane. Amwombe mwanafunzi apitishe kiganja kilichofunguliwa ndani ya beseni polepole, kisha kwa haraka. Atausikia ukinzani ukiongezeka kupita alivyotazamia. Hapo ndipo pa kusema kwamba mwendo mara mbili huzaa kani mara nne.

“Tuongeze uzito tu.” Hili ni jibu zuri, nalo ni sehemu ya kazi ya wahandisi. Lakini bomba la tatu limekwisha kulijibu: uzito ulilizuia kuviringika, haukuuzuia mchanga kuondoka. Mwanafunzi aliyetoa jibu hilo aambiwe alitazame tena bomba la tatu na aseme mwenyewe lililopungua.

“Chini ya bahari kumetulia.” Kwa shule za pwani, wanafunzi watajibizana wenyewe. Aliyewahi kusimama majini hadi kifuani ameona mwani wa chini ukilala upande huu na upande huu kwa kila wimbi. Watoto wa wavuvi wana ujuzi mwingi wa bamvua, wa maji mafu na wa mikondo ya mlangoni mwa mto. Mwalimu aliyetoka bara asione haya kuwapa nafasi ya kueleza. Ujuzi huo ni zana isiyonunuliwa. Ila wanafunzi wasipelekwe majini kwa ajili ya somo hili. Mfereji na beseni vyatosha.

V. Shule zilizo mbali na bahari

Mwanachuo atakayepangiwa Singida au Kigoma asiliache somo hili. Kani hizi hazihitaji chumvi. Wakati wa kiangazi, awapeleke wanafunzi kwenye mto wa mchanga uliokauka na kuwaonyesha jiwe kubwa au kisiki. Kwa kawaida kando yake pana shimo: maji ya masika yaliyolizunguka jiwe yalichimba mchanga wake. Baada ya mvua, kalvati iliyo karibu na shule huonyesha jambo lilelile mahali maji yanapotokea. Nguzo za daraja huhatarishwa kwa njia hiyo hiyo: maji huchimba mguuni mpaka nguzo ikakosa pa kusimama. Mwanafunzi akilinganisha jiwe la mtoni na bomba la Songo Songo, na kuona kwamba ni kanuni moja, somo limefanikiwa.

VI. Kupima maarifa

Maswali ya kutaja majina ya kani hayatoshi, kwa kuwa mwanafunzi aweza kuyakariri bila kuyaelewa. Mwalimu aongeze maswali ya hali mpya, kama haya:

1. Mvuvi ametupa nanga ndogo mahali penye mkondo mkali. Asubuhi yake ameikuta imezama mchangani hadi nusu. Eleza.

2. Bomba mbili zina uzito sawa nchi kavu, lakini moja ni nene kuliko nyingine. Ipi itasogezwa kwa urahisi zaidi na mkondo? Toa sababu mbili.

3. Bomba lililofukiwa limeonekana wazi baada ya msimu wa kusi. Ungeshauri lifanywe nini kwanza, na kwa nini?

Katika swali la pili, sababu zinazotakiwa ni kwamba bomba nene husogeza maji mengi, hivyo hupoteza uzito zaidi, na kwamba huupa mkondo eneo kubwa la kusukuma. Atakayetoa sababu moja amefika nusu ya njia. Asikosolewe, aulizwe ya pili.

Hitimisho

Sayansi ya shule ya msingi haina kazi ya kutengeneza wahandisi wadogo. Kazi yake ni kumzoeza mtoto kutolikubali jibu kwa sababu tu linasikika kuwa la haki. “Kitakaa kwa sababu ni kizito” husikika kuwa la haki mpaka mchanga unapoanza kutoka. Mwalimu aliyewahi kuliona tundu hilo likifunguka mbele ya darasa lake atafahamu kwa nini mfereji mmoja wa bati na ndoo mbili za maji vyaweza kufundisha yale ambayo ubao mzima wa maelezo hauwezi.

Maswali ya kujadiliwa chuoni

1. Kwa nini majina ya kani yametolewa katika hatua ya nne na si ya kwanza? Jadilini faida na hasara za utaratibu huo.

2. Fanyeni jaribio la mabomba manne kabla ya kwenda mazoezini. Ni mteremko gani wa mfereji na mchanga wa namna gani vilivyowapa matokeo mazuri?

3. Tungeni mpango wa kipindi kimoja juu ya kani hizi kwa shule iliyo karibu na mto, pasipo kutaja bahari hata mara moja.